Aliyenusurika na Radi Apimwe Macho

Kata ya Kwai, wilayani Lushoto, imo katika milima ya Usambara Magharibi, mahali ambapo ukungu wa asubuhi huchelewa kuondoka na mvua kubwa huja na ngurumo. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, Wajerumani walipoanzisha huko shamba la mifugo na majaribio ya mazao, Kwai imejulikana kwa kilimo. Leo viazi, kabichi, karoti na matunda ya nchi za baridi hushuka kutoka miteremko ya Lushoto hadi Mombo, na kutoka Mombo hadi masoko ya Tanga na Dar es Salaam. Kazi hiyo hufanyika juani na mvuani. Shamba aghalabu liko ng'ambo ya bonde, nyumba iko juu ya mgongo wa mlima, na kati ya viwili hivyo hakuna pa kujisitiri ila kibanda au mti uliosimama peke yake. Wingu likijikusanya ghafla, mkulima hukutwa palepale alipo.

Radi inapopiga katika mazingira kama hayo, maswali matatu huulizwa upesi. Nani amekufa? Mali gani imeteketea? Na nani ameituma? Liko swali la nne ambalo huulizwa kwa nadra: wale walioinuka wakaenda kwao kwa miguu, macho yao yataona nini baada ya miezi sita? Hoja ya makala haya ni kwamba swali hilo halina budi kuulizwa kwa kila aliyenusurika, liandikwe, na lirudiwe kwa mpango, hata pale ambapo mhusika mwenyewe anasema hana tatizo lolote.

Walionusurika ndio wengi

Radi huogopwa kama kifo, na ni haki iogopwe. Hata hivyo, makadirio yanayotumiwa sana na wataalamu wa majeraha haya yanaonyesha kwamba kati ya watu 10 wanaodhuriwa na radi, takriban mmoja hufa na tisa hubaki hai, wengi wao wakiwa na madhara ya muda au ya kudumu. Habari za Afrika Mashariki huwahesabu zaidi waliokufa. Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 wa Shule ya Msingi Runyanya, wilayani Kiryandongo, Uganda. Oktoba 2018 iliua wanafunzi sita katika shule moja ya msingi mkoani Geita, Tanzania. Novemba 2024 iliua watu 14 waliokuwa katika ibada kwenye makazi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa Uganda, na kuwajeruhi wengine 34. Baada ya mazishi, habari huishia hapo. Majeruhi hubaki katika sentensi moja: "walipatiwa matibabu na kuruhusiwa."

Kwa jicho, siku ya kuruhusiwa ndiyo siku ambayo uangalizi ulipaswa kuanza.

Mtu anaweza kudhurika bila radi kumpiga moja kwa moja. Mara nyingi umeme hushuka kwenye mti kisha huruka kumfikia aliyesimama karibu nao, au hupiga ardhi na kusambaa ndani yake hadi kwenye miguu ya watu na mifugo iliyo jirani. Wengine huwa wameshika kitu cha chuma au wameegemea ukuta unaopitisha umeme. Kwa hiyo neno "aliyepigwa" lisibanwe kwa yule aliyeungua ngozi tu. Aliyeangushwa, aliyepoteza fahamu kwa dakika chache, aliyepata ganzi ya miguu kwa saa kadhaa, na aliyeziba masikio baada ya mshindo, wote wamo.

Jinsi jicho linavyodhurika

Joto la njia ya radi huweza kufikia nyuzi 30,000 za Selsiasi, takriban mara tano ya joto la uso wa jua. Kinachowaokoa wengi ni ufupi wa muda: umeme hupita kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na mara nyingi sehemu kubwa yake hupita juu ya ngozi badala ya kuingia ndani ya mwili. Ndiyo maana mtu anaweza kuchanika nguo na kuungua kidogo tu, kisha akainuka. Lakini jicho ni kiungo chepesi kudhurika. Mwanga mkali, joto, mshindo wa hewa na umeme wenyewe, kila kimoja kina njia yake ya kuliumiza, na katika tukio moja vyote hufika kwa pamoja.

Dhara linalojulikana zaidi ni mtoto wa jicho. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, imo lenzi iliyo angavu, iliyojengwa kwa protini zilizopangwa kwa utaratibu. Msomaji aliyewahi kukaanga yai anajua kinachotokea kwa ute wake: ulikuwa angavu, ukishikwa na joto unakuwa mweupe, na hakuna ufundi wa kuurudisha ulivyokuwa. Protini za lenzi nazo zikivurugwa na umeme au joto, lenzi hupata ukungu. Tofauti ni kwamba yai hubadilika papo hapo, ilhali lenzi inaweza kubadilika polepole. Ukungu huweza kuonekana baada ya siku chache, wiki, miezi, au hata miaka. Unaweza kulishika jicho moja au yote mawili, na unaweza kumpata kijana wa miaka 20 ambaye hakuna mtu angemfikiria kuwa na ugonjwa unaohusishwa na wazee.

Jambo hili si jipya katika tiba. Daktari wa macho Mfaransa, Charles Saint-Yves, hutajwa kuwa wa kwanza kueleza mtoto wa jicho aliyesababishwa na radi, mwaka 1722. Zaidi ya miaka 300 imepita, na bado mgonjwa wa aina hiyo anaweza kufanyiwa upasuaji bila yeyote kumuuliza kama aliwahi kuangushwa na radi.

Mtoto wa jicho si dhara pekee. Konea, kioo cha mbele cha jicho, inaweza kuchubuka au kupata ukungu. Sehemu za ndani zinaweza kuvimba na kuuma, au damu ikavuja ndani ya jicho. Retina, utando wa nyuma unaopokea picha, inaweza kuvimba, kubanduka, au kutoboka katikati, pale panapotumika kusoma na kutambua nyuso za watu. Mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo nao unaweza kudhoofika. Dhara la mshipa huo ni zito kuliko mtoto wa jicho, kwa sababu lenzi iliyoharibika hubadilishwa, lakini mshipa wa fahamu haubadilishwi.

Mboni iliyopanuka si hati ya kifo

Kabla ya miezi na miaka, ziko dakika za mwanzo, na jicho lina neno la kusema hata hapo. Watoa huduma hufundishwa kwamba mboni zilizopanuka na zisizojibu mwanga ni ishara mbaya sana, aghalabu ya ubongo uliokufa. Kwa majeruhi wa radi, ishara hiyo haiaminiki. Radi huvuruga neva zinazoendesha mboni, na pia huweza kulijeruhi jicho lenyewe, hata mboni zikabaki wazi ilhali mtu angali wa kuokolewa. Miguu na mikono inaweza kuwa baridi, yenye rangi ya majivu na isiyo na nguvu, kisha ikarudi hali yake baada ya saa chache.

Kwa sababu hiyo, radi inapoangusha watu wengi kwa pamoja, utaratibu wa kawaida wa kuwapanga majeruhi hugeuzwa. Wanaolia na kujongea wanaweza kusubiri kidogo. Anayeonekana amekufa ndiye wa kushughulikiwa kwanza. Moyo uliosimama kwa radi mara nyingine hujianzisha wenyewe, lakini upumuaji huchelewa kurudi, na mtu hufa kwa kukosa hewa. Kukandamiza kifua na kupuliza pumzi kunaweza kuziba pengo hilo. Anayefanya hivyo hana sababu ya kuogopa: mwili wa aliyepigwa haubaki na umeme, na kuugusa hakumdhuru mtu. Kitu cha kuogopa ni radi nyingine, hivyo majeruhi asogezwe mahali salama ikiwa inawezekana.

Mwaka mmoja baadaye

Uchukuliwe mfano wa kufikirika. Mama mmoja wa Kwai anapalilia karoti pamoja na binti yake wa miaka sita. Mvua inaanza, wanakimbilia chini ya mti, radi inaupiga. Wote wawili wanaanguka, kisha wanaamka. Zahanati inasafisha michubuko, inawapa dawa ya maumivu na kuwaruhusu. Hakuna aliyekosea kwa nia. Wanasema wanaona vizuri, na siku ile ni kweli wanaona vizuri.

Miezi minane baadaye, mama anaona kama anatazama kupitia moshi wa jikoni. Anadhani ni uchovu. Jicho la kulia limefifia zaidi, lakini kwa kuwa la kushoto bado linafanya kazi, hajui tofauti. Hapa ndipo msiba wa jicho moja unapojificha: mtu mwenye macho mawili anaweza kupoteza moja bila kujua hadi siku atakapoliziba lile zima kwa bahati. Atakapofika hospitali, katika daftari litaandikwa neno "mtoto wa jicho", na radi haitatajwa. Hata hivyo, kwake yeye tumaini ni kubwa. Ikiwa retina na mshipa wa fahamu ni vizima, upasuaji wa kuondoa lenzi na kuweka ya bandia unaweza kumrudishia uoni mzuri.

Kwa binti hesabu ni nyingine. Mtoto wa umri huo bado anajenga uwezo wa ubongo kusoma picha za kila jicho. Lenzi ikiziba jicho moja kwa muda mrefu, ubongo hulizoea lile jingine na kuliacha lililozibwa, hali inayoitwa uvivu wa jicho. Lenzi ikitolewa kwa kuchelewa, jicho linaweza kuwa safi na bado lisione vema. Mama akichelewa mwaka mmoja hupoteza mwaka mmoja wa kazi. Binti akichelewa kiasi hichohicho anaweza kupoteza jicho kwa maisha yake yote. Mwalimu naye, asipoambiwa, atamwona mtoto anayesogelea ubao na kukosea kunakili, na huenda akamdhani mzembe.

Kinachopendekezwa

Kwanza, kila aliyedhuriwa na radi aandikwe kwa jina la dhara lake. Uainishaji wa kimataifa wa magonjwa, toleo la 10, una namba ya madhara ya radi, T75.0. Zahanati isiyotumia namba hizo inaweza kuandika neno "radi" katika rejesta ya MTUHA na katika kadi ya mgonjwa. Neno moja katika kadi litamsaidia daktari atakayemwona mgonjwa huyo miaka miwili baadaye.

Pili, uwezo wa kuona upimwe siku ileile au mara mgonjwa anapotulia, jicho moja baada ya jingine, na matokeo yaandikwe. Bila kipimo cha mwanzo, hakuna atakayejua baadaye kama kuna kilichobadilika. Chati ya herufi E haihitaji umeme wala mgonjwa anayejua kusoma.

Tatu, katika wiki za mwanzo afanyiwe uchunguzi kamili mmoja kwa mtaalamu wa macho, kwa kupanuliwa mboni kwa matone na kuangaliwa retina. Anayesema ameona giza, pazia, vimulimuli au madoa yanayoelea, au anayeumwa jicho, asisubiri wiki. Apelekwe mara moja.

Nne, baada ya hapo arudi zahanati ya jirani kupimwa kwa chati katika mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, kisha mara moja kila mwaka kwa miaka michache. Tarehe hizi hazitoki katika msahafu wa tiba. Ni pendekezo linaloweza kurekebishwa. Kisichoweza kulegezwa ni kwamba ziwepo tarehe, zimeandikwa, na mgonjwa amezielewa. Watoto wadogo wapimwe mara nyingi zaidi, na walimu wao waambiwe.

Pingamizi zinazostahili kujibiwa

Litasemwa kwamba majeruhi wa radi ni wachache na zahanati za vijijini zimelemewa na malaria, nimonia na uzazi. Ni kweli. Lakini uchache wao ndio unaofanya utaratibu huu uwezekane. Zahanati inayopata mtu mmoja au wawili kwa mwaka haiombwi kuanzisha kliniki mpya. Inaombwa kuandika mstari mmoja na kumpima mtu kwa dakika tano, mara nne kwa mwaka.

Litasemwa pia kwamba safari ni ndefu. Hili ni zito zaidi. Kutoka Kwai mgonjwa hufika Lushoto mjini. Ikihitajika zaidi, hushuka hadi Mombo, kisha huelekea Hospitali ya Bombo mjini Tanga au KCMC mjini Moshi, hospitali ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikifundisha wataalamu wa macho. Nauli, siku za kazi zinazopotea na mtu wa kumsindikiza mgonjwa ni gharama halisi kwa familia inayoishi kwa kuuza mboga. Ndiyo maana pendekezo limegawanywa: safari moja ya lazima mwanzoni, kisha kipimo cha jirani, na safari ya pili pale tu kipimo kinapobadilika. Kumwambia mkulima "rudi ukiona tatizo" huonekana kumpunguzia gharama, lakini kwa dhara linaloingia polepole humwacha arudi akiwa amechelewa.

Lipo na jambo la imani. Usambara ni nchi ambayo mvua haijawahi kuwa suala la hali ya hewa tu. Watawala wa Kikilindi wa Vugha walihesabiwa kuwa na uwezo juu ya mvua, na amani ya nchi ilipimwa kwa namna mvua ilivyonyesha. Si ajabu basi kwamba, huko na kwingineko nchini, radi ikiangusha mtu wapo wanaouliza ni nani aliyeituma. Tabibu anayelicheka swali hilo humpoteza mgonjwa wake. Lakini swali la chanzo na swali la jicho ni mawili tofauti. Familia inayotaka kufanya tambiko au kusoma dua ina uhuru huo; lenzi iliyoanza kupata ukungu haitasubiri majibu. Jambo la hatari ni pale uoni unapofifia mwaka mmoja baadaye na kuhesabiwa kuwa laana imeendelea, kisha mtu akafichwa nyumbani au jirani akashutumiwa. Maelezo ya mapema, kwamba hali hii hutokea, inajulikana, na mara nyingi inatibika, yanaweza kuzuia upofu na ugomvi kwa pamoja. Viongozi wa dini, wazee wa ukoo na watendaji wa vijiji wakiyasikia kwa lugha yao, watayafikisha mahali ambapo daktari hafiki.

Kinga ni bora, lakini haitoshi

Hakuna matone ya kulikinga jicho dhidi ya radi. Kinga ni kutokuwepo inapopiga. Ngurumo ikisikika, radi tayari iko karibu kiasi cha kudhuru. Mkulima aache jembe, ashuke kutoka kilele cha mlima, na aepuke mti uliosimama peke yake. Jengo kubwa lenye nyaya na mabomba yaliyofika ardhini, au gari lililofungwa lenye paa la chuma, ni salama zaidi. Kibanda cha shamba huzuia mvua tu, hakizuii radi. Kazi ianze tena dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Shule na nyumba za ibada zilizo juu ya vilima ziwekewe mitambo ya kinga ya radi. Nchini Uganda, mtandao wa ACLENet, ambao miongoni mwa waasisi wake ni daktari Mmarekani Mary Ann Cooper, umekuwa ukizifungia shule mitambo ya aina hiyo, Runyanya ikiwa mojawapo. Hatua hiyo inafaa kuigwa katika shule za Lushoto.

Hata hivyo, mkulima wa mlimani hawezi kuishi ndani ya nyumba muda wote wa masika. Watu wataendelea kukutwa njiani, na wengi wao, Mungu akijalia, wataamka. Kwao zahanati inahitaji chati ukutani, alama sakafuni umbali wa mita sita, na mhudumu anayemwambia mgonjwa kabla hajaondoka: "Mama, leo unaona vizuri. Njoo na mwanao tarehe hii tuwapime tena, hata mkiwa mnaona vizuri."